Maktaba Moja, Zana Nyingi: Kidaw'ida katika Mstari wa Amri

1.0 Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi karakana ya kuundia programu za lugha inavyoweza kujengwa kuzunguka maktaba moja ya pamoja, na kuonyesha kwamba kazi hiyo, ambayo kwa kawaida huachiwa mafundi wa kompyuta, ni kazi ya wanaisimu kwa sehemu kubwa. Lugha itakayotumiwa kuwa mfano ni Kidaw'ida, lugha ya Milima ya Taita nchini Kenya, inayosemwa Mghange, Wundanyi na katika vijiji vingine vya milima iliyo juu ya nyanda za Voi. Kiswahili nacho kitarejewa mara kwa mara, kwani kimekwisha kufanyiwa kazi ya aina hii kwa miaka mingi na makosa yake yanaweza kuwa funzo.

Kidaw'ida kimechaguliwa kwa makusudi. Si lugha isiyoandikwa, wala si lugha isiyojulikana kwa wataalamu. Hata hivyo maandishi yake ni machache yakilinganishwa na ya Kiswahili, na tahajia yake ina herufi moja inayotosha kuvuruga programu nyingi zilizoundwa bila kuifikiria. Tena ni lugha ya aina ile ambayo, fundi akiikosea, hakuna mfanyabiashara atakayepata hasara; kwa hiyo kosa laweza kukaa miaka mingi bila kuguswa. Hapana budi basi wanaoijua lugha wajue pia mahali ambapo kosa hukaa.

2.0 Maana ya maktaba ya pamoja

Neno maktaba katika taaluma ya kompyuta halina maana ya nyumba ya vitabu. Ni mkusanyo wa kazi zilizokwisha kuandikwa na kupimwa, ambazo programu nyingine huziita badala ya kuziandika upya. Huitwa ya pamoja pale ambapo nakala moja tu hukaa katika mashine, na programu mbalimbali zikaunganishwa nayo zinapoanza kazi, si zinapoundwa. Wazo hili lilikuwamo katika mfumo wa Multics tangu miaka ya 1960, na katika jamii ya Unix lilienea hasa baada ya SunOS 4.0 ya mwaka 1988. Mafundi walilipenda kwa sababu ya kuokoa nafasi katika kumbukumbu ya mashine, ambayo wakati huo ilikuwa ghali.

Kwa mwanaisimu faida iko kwingine. Ikiwa maarifa ya lugha, yaani orodha ya maneno, kanuni za viambishi na utaratibu wa herufi, yamewekwa katika maktaba, basi rekebisho moja huzifikia programu zote zinazoitegemea. Hunspell ni mfano mzuri. Hiyo ni maktaba ya kusahihisha tahajia iliyoandikwa na László Németh kwa ajili ya Kihungari, na leo hutumiwa na LibreOffice, Firefox na programu nyingine nyingi. Lugha yoyote huingizwa humo kwa mafaili mawili ya maandishi ya kawaida: moja la maneno, jingine la viambishi. Anayeandika barua na anayejaza fomu katika mtandao husahihishwa na mafaili yaleyale mawili. Kwa upande wa pili, kosa lililomo humo huwafikia wote wawili kwa mamlaka ileile. Neno sahihi la mwandishi hupigiwa mstari mwekundu, naye, asiyejua ni nani aliyeamua hivyo, hulibadilisha.

Sasa mstari wa amri. Huu ni utaratibu wa kuitumia mashine kwa kuandika amri badala ya kubofya picha. Msingi wake katika Unix ni zana ndogondogo, kila moja ikifanya jambo moja, na mfereji unaopeleka matokeo ya zana moja hadi nyingine. Mfereji huo uliwekwa mwaka 1973 na Ken Thompson, baada ya Doug McIlroy kuutetea kwa miaka kadhaa. Mtafiti mwenye matini ya Kidaw'ida aweza kuamuru zana ya kwanza ivunje matini kuwa maneno, ya pili iyapange, ya tatu iyahesabu yanayofanana, ya nne iyapange tena kwa wingi wake. Akapata orodha ya marudio ya maneno kwa mstari mmoja wa amri. Kazi hii haihitaji mashine mpya wala intaneti. Kwa shule au kituo cha utafiti kilicho mlimani, hilo si jambo dogo. Aidha, amri iliyoandikwa yaweza kuhifadhiwa, kusomwa na mwingine na kurudiwa, ambapo mibofyo ya jana haikumbukwi na yeyote.

Kujenga karakana kuzunguka maktaba maana yake ni hii: maarifa yote ya lugha yawekwe katika maktaba, na zana za mstari wa amri ziwe nyepesi, zisijue lolote la lugha isipokuwa kuiuliza maktaba. Pindi zana moja inapoanza kubeba orodha yake ya maneno au kanuni yake ya pekee, maarifa yamegawanyika, na baada ya muda zana mbili zitatoa majibu mawili juu ya neno moja.

3.0 Alama iliyo herufi

Jina la lugha hii limepata kuandikwa Dabida, Davida, Dawida na Daw'ida. Tofauti hizo hazikutokana na uzembe. Konsonanti ya kati ni sauti ya midomo miwili ambayo si b, si v ya meno na mdomo, wala si w ya Kiswahili, na kila mwandishi aliikadiria kwa herufi aliyoiona kuwa jirani yake. Tahajia ya w' inaitofautisha na w ya kawaida kwa kuongeza ritifaa, kama Kiswahili kinavyoitofautisha ng' na ng. Katika mashine ya kupigia chapa ulikuwa uamuzi wa busara: alama ilikuwapo tayari na haikugharimu kitu.

Katika kompyuta alama hiyo ina gharama. Kwanza, si alama moja. Katika mfumo wa Unicode, ambao huipa kila herufi namba yake, kuna ritifaa iliyonyooka (0027), kuna ya kupinda ambayo pia hutumika kufungia usemi (2019), na kuna nyingine iliyowekwa rasmi kuwa herufi na si alama ya uakifishi (02BC). Kwa macho ni vigumu kuzitofautisha. Kwa mashine ni vitu vitatu visivyohusiana. Mwandishi akipiga ya kwanza, programu ya kuandikia huigeuza mara nyingi kuwa ya pili bila kumwuliza. Matini tatu zilizokusanywa na watu watatu zitaleta maumbo matatu ya jina Kidaw'ida, na anayetafuta moja hatayapata mawili mengine.

Pili, programu nyingi ndogo huchukulia kwamba neno ni mfululizo wa herufi tu, na kwamba alama ya uakifishi ni mpaka. Kwa programu hizo Kidaw'ida ni maneno mawili, Kidaw na ida. Orodha ya marudio ya maneno itakayotolewa itajaa vipande vya namna hiyo, na kwa kuwa baadhi ya vipande hufanana na maneno halali, si rahisi kuviondoa baadaye.

Tatu ni mtego wa mstari wa amri wenyewe, na unafaa kuelezwa kirefu kwa sababu huwapata hata wenye ujuzi. Mfasiri wa amri wa Unix huichukulia ritifaa iliyonyooka kuwa mwanzo wa nukuu. Mtu akiandika amri echo, ambayo kazi yake ni kurudisha maneno iliyopewa, kisha akaandika ng'ombe, mashine hainyamazi kwa hitilafu, inangoja. Inaamini kwamba nukuu imefunguliwa na itafungwa. Hapo angalau mtumiaji anajua kuna jambo. Lakini akiandika ng'ombe na ng'ambo, ritifaa ya pili huifunga nukuu ya kwanza, na jibu huwa ngombe na ngambo. Ritifaa zote mbili zimepotea, hakuna onyo lililotolewa, na kilichobaki kinasomeka. Jambo hili huhusu maneno yaliyoandikwa ndani ya amri, si yaliyomo katika faili. Ndiyo maana zana nzuri ya lugha husoma matini kutoka faili au mfereji. Ni kejeli ndogo kwamba mfumo uliosifiwa kwa kuyaheshimu maandishi kuliko mingine yote haukuwahi kuitazamia ng' ya Kiswahili.

Dawa yake iko katika maktaba, wala si ngumu. Faili la viambishi la Hunspell lina nafasi ya kueleza kwamba alama fulani inapoingia ichukuliwe kuwa nyingine. Mistari michache inatosha kusema kwamba 0027 na 2019 zisomwe kama 02BC. Tangu hapo neno huandikwa kwa namna yoyote ile na maktaba hulijua kuwa moja. Ila hapo swali limehama kutoka ufundi na kuingia isimu: ni ritifaa zipi zigeuzwe? Matini ina ritifaa zinazofungia usemi pia. Kanuni inayosema "baada ya w na kabla ya irabu" itayashika karibu yote, lakini ni mjuzi wa lugha pekee awezaye kusema kama kuna mahali itakapokosea. Vivyo hivyo katika kupanga kamusi. Je, w' ni herufi kamili yenye sehemu yake baada ya w, au maneno yake yachanganywe na ya w? Kwa maktaba ni kanuni ya mstari mmoja. Kwa watunga kamusi ni uamuzi, na usipofanywa na wao utafanywa na utaratibu wa jumla wa mashine.

4.0 Yaliyokwisha kuwekwa

Isidhaniwe kwamba Kidaw'ida hakimo katika kompyuta. Kimo, na wengi wa wasemaji wake wamekibeba mfukoni bila kujua. Unicode Consortium hutunza hazina ya data za lugha iitwayo CLDR: majina ya siku na miezi, namna ya kuandika tarehe na fedha, na mengineyo. Hazina hiyo huzifikia programu kwa njia ya maktaba ya pamoja iitwayo ICU, ambayo imo katika simu za Android na katika mifumo mingi ya kompyuta. Mwaka 2010 lugha nyingi za Afrika ziliingizwa humo, Kidaw'ida kikiwa miongoni mwao. Jina kilichopewa ni Kitaita.

Jina hilo lenyewe lina historia. Mmisionari J. A. Wray alichapisha mwaka 1894 utangulizi wa lugha aliyoiita Kitaita, lakini makao yake yalikuwa Sagalla, na lugha ya Sagalla leo huhesabiwa kuwa nyingine. Katika orodha ya kimataifa ya ISO 639-3 Kidaw'ida kina alama dav na Kisagalla kina tga. Mtu anayeweka matini ya Sagalla chini ya jina Kitaita hafanyi kosa la Kiswahili, ila anafanya kosa la maktaba, maana jina hilo limekwisha kufungwa kwa dav.

Majina ya siku katika hazina hiyo yanastahili kutazamwa. Jumapili ni Ituku ja jumwa, na Jumamosi ni Kifula nguwo, ambalo mzungumzaji wa Kiswahili atalitambua bila shida kuwa na uhusiano na kufua nguo. Siku tano za katikati huhesabiwa: Kuramuka jimweri, Kuramuka kawi, Kuramuka kadadu, Kuramuka kana, Kuramuka kasanu. Hapa pana hatari. Kidaw'ida kinaanza kuhesabu Jumatatu, ambapo Kiswahili kinaanza Jumamosi. Siku ya "nne" ya Kidaw'ida ni Alhamisi. Ya Kiswahili ni Jumanne. Programu ya tafsiri iliyojifunza kwamba kana ni nne itampeleka mtu mkutanoni siku mbili mapema, na sentensi yake itakuwa sahihi kwa sarufi.

Miezi nayo huhesabiwa: Mori ghwa imbiri, Mori ghwa kawi, na kuendelea. Julai ni Mori ghwa mfungade. Msomaji wa Kiswahili atakumbuka fungate, siku saba za maarusi, ambamo namba ya kale ya Kibantu imehifadhiwa hali saba ya Kiarabu ilikwisha kuiondoa katika kuhesabu.

Katika majina hayo yote ya siku na miezi w' haimo hata mara moja. Desemba ni Mori ghwa ikumi na iwi. Mwanaisimu aionapo iwi hukumbuka mara moja kwamba mzizi wa "mbili" katika Kibantu asilia una *b, na huuliza kama w hii si ileile inayoandikwa w' katika jina la lugha. Swali hilo haliwezi kujibiwa na fundi aliye mbali. Linaweza kujibiwa Mghange kwa dakika chache, kwa kumsikiliza mtu akihesabu hadi kumi na mbili. Jibu likiwa ndiyo, rekebisho linapendekezwa katika hazina, na toleo linalofuata la maktaba hulisambaza. Njia ipo wazi. Kinachohitajika ni mtu wa kuipita.

5.0 Viambishi na asili ya maktaba

Kila maktaba huzaliwa katika lugha fulani na hubeba tabia zake. Hunspell ilizaliwa katika Kihungari, lugha ya viambishi tamati vingi. Kwa hiyo inaruhusu viambishi tamati viwili vifuatane, lakini kiambishi awali kimoja tu. Ipo njia ya kuigeuza ikubali viwili mbele na kimoja nyuma. Zaidi ya hapo haiendi. Kwa vitenzi vya Kibantu hiyo ni nguo fupi. Hawatakuandikia ina viambishi vinne kabla ya mzizi: ha-wa-ta-ku-. Waliotuandikia ina vinne pia: wa-li-o-tu-.

Watengenezaji wa orodha za tahajia hujaribu kuuzunguka ukuta huu kwa kuvifunga viambishi pamoja na kuvihesabu kama kimoja. Tuseme kuna viambishi 18 vya kiima, 4 vya njeo na 18 vya yambwa. Mafungu yenye yambwa ni 1,296, na yasiyo nayo 72. Jumla 1,368, kabla ya kugusa ukanushi na urejeshi. Faili la namna hiyo laweza kuandikwa na mashine, lakini haliwezi kusomwa wala kusahihishwa na mwalimu, na hapo ndipo linapopoteza maana yake. Tena hukubali maumbo ambayo hakuna asemaye, kama vile nafsi ya kwanza kujitenda kwa ni- mbili mahali panapotakiwa -ji-.

Njia iliyofaa zaidi ilitoka Helsinki. Mwaka 1983 Kimmo Koskenniemi alitoa nadharia ya mofolojia ya viwango viwili, ambapo umbo la ndani na umbo la nje la neno hulinganishwa kwa kanuni zinazofanya kazi kwa wakati mmoja, na viambishi hupangwa katika leksimu kama vituo vya safari. Arvi Hurskainen alianza mwaka 1985 kujenga juu ya aina hii ya maarifa mfumo wa Kiswahili ulioitwa baadaye SALAMA, na mwaka 1992 alieleza katika Nordic Journal of African Studies jinsi nadharia hiyo inavyotumika kwa mofolojia ya Kibantu. Mkusanyo wa matini wa Helsinki, ambao toleo lake la 2016 lina maneno kama milioni 25, ulitokana na kazi hiyo. Leo maktaba ya HFST, iliyoundwa katika chuo kikuu hichohicho, hutoa ufundi wa jamii hiyo kwa yeyote, pamoja na zana za mstari wa amri za kuunganisha leksimu, kutia kanuni na kuchanganua maneno.

Hapa patatokea kishawishi cha kuchukua kanuni za Kiswahili na kubadilisha maneno tu. Kifuatwe kwa tahadhari. Data chache zilizotajwa zatosha kuonyesha sababu. Mwezi wa Kiswahili huchukua wa. Mori ya Kidaw'ida huchukua ghwa. Ituku huchukua ja, ambapo ngeli hiyo katika Kiswahili ingechukua la. Katika hazina hiyohiyo limo neno luma likifuatwa na lwa: ngeli ya lu- imebaki na sura yake, ambapo katika Kiswahili sanifu imeungana na ngeli nyingine chini ya u-. Kinachoweza kukopwa ni mpangilio wa vituo. Viambishi vyenyewe havikopwi.

6.0 Karakana yenyewe

Kwa vitendo, karakana ya Kidaw'ida ingekuwa saraka moja yenye leksimu, kanuni, matini na vipimo, yote yakiwa maandishi ya kawaida, na amri chache: jenga, pima, changanua, orodhesha. Historia ya kila badiliko ihifadhiwe, ili ijulikane ni nani alibadilisha nini na lini. Umbo linalosikika sehemu moja ya milima na si nyingine litiwe alama ya mahali pake katika leksimu. Lisifutwe kwa sababu aliyekuwa akiandika siku hiyo hakulizoea. Mghange haina sababu ya kuandikwa kama Mbololo ili mashine iridhike.

Sehemu inayopuuzwa kuliko zote ni vipimo. Faili la vipimo ni orodha ya maneno na majibu yanayotarajiwa. Kila kanuni inapobadilishwa mashine huyapitia yote na kutaja yaliyoharibika. Kuliandika hakuhitaji ujuzi wa kuunda programu. Kunahitaji ujuzi wa lugha, na mzee asiyewahi kugusa kompyuta aweza kuwa mwandishi wake bora, mradi awepo wa kumwandikia. Idara za lugha zingeweza kuwapa wanafunzi wa shahada ya kwanza kazi hii badala ya baadhi ya insha zinazorudiwa kila mwaka.

Haja yenyewe si ya kesho. Mwaka 2025 ilichapishwa taarifa ya watafiti wa Kenya waliojenga mikusanyo ya matini za Kidaw'ida, Kikalenjin na Kidholuo, zikiwamo zilizosambazwa na Kiswahili sentensi kwa sentensi. Mikusanyo kama hiyo ndiyo inayofundishia mashine za tafsiri, na mashine hujifunza kile ilichopewa, pamoja na vipande vilivyokatwa kwenye ritifaa. Simu za kawaida hazina 02BC katika vitufe vyake, na hakuna sababu ya kumtaka mwandishi aitafute. Zana zikubali alama zote tatu na maktaba itoe moja. Mstari wa kwanza wa faili la vipimo uwe jina la lugha yenyewe, likiandikwa mara tatu kwa alama tatu, na mbele yake jibu moja.